Masuke ya Zizi la Zamani

Mama yangu alichagua mbegu kabla mtu mwingine yeyote kijijini hajaanza kufikiria mavuno. Mtama ukianza tu kuchanua, alichukua kanga iliyochakaa, akaichana vitambaa vyembamba, akavichomeka kiunoni na kuingia shambani peke yake. Alifunga kitambaa kwenye shina moja, akapita mashina mengi bila hata kuyatazama, akafunga kingine. Nilipokuwa mdogo nilidhani anafunga yale yanayompendeza, kama mtu anayechagua nguo mnadani, na nilimwona hana jicho la kuchagua. Mashina aliyoyapenda yalikuwa mafupi, membamba, yaliyoota kwenye udongo mwekundu wa pembeni ambako hata magugu yalijikongoja.

Siku ya kuvuna, yenye vitambaa yalikatwa kwanza. Hakuna aliyeruhusiwa kuyachanganya na mengine, hata kama nyumba haina chakula. Yalifungwa mafungu na kutundikwa juu ya uchaga jikoni, palepale juu ya mafiga, moshi uyafukize na wadudu wasiyasogelee. Msimu wa kupanda ulipokaribia, wanawake wa jirani walikuja mmojammoja na ungo. Mama aliwapukuchulia masuke mawili au matatu, wakaondoka. Hawakuleta kitu. Kwa desturi ya pale kwetu, mbegu hailipiwi. Mwenye kuipata akivuna anakuja kumwonyesha aliyempa jinsi ilivyozaa, basi.

Kijiji chetu kiko upande wa Gulwe, karibu na reli kiasi kwamba treni ya mizigo ikipita, vikombe hutetemeka kabatini. Mama hakuzaliwa hapo. Alitoka milimani Kibakwe, ambako watu wanapanda mahindi na maharage na mvua haiwafanyii ubahili, akaolewa huku bondeni kwenye vumbi. Bibi, mama mzaa baba, alimtazama misimu mitatu mizima akilima na kupalilia bila kumkabidhi mbegu hata punje. Msimu wa nne ndipo alipomwita shambani na kumwonyesha shina la kufunga. Mama alinisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara aliisimulia kwa majivuno, kama mtu anayesimulia siku aliyohitimu.

Baba naye alikuwa na mambo hayohayo kwa ng'ombe. Akizaliwa ndama dume mzuri, mnene, mwenye nundu ya kupendeza, baba alimhasi. Dume aliyemwacha alikuwa mtoto wa jike fulani mwenye pembe moja na mbavu za kuhesabika. Wageni walimcheka. Baba hakubishana nao, aliwaambia waje mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi majani yakiwa yamekwisha kabisa, ng'ombe wa wengine walikuwa wakiinuliwa asubuhi kwa kushikwa mkia, na yule mwenye pembe moja aliinuka mwenyewe na kwenda kunywa maji. Dume hachaguliwi kwa sura yake, baba alisema, anachaguliwa kwa mama yake.

Baba alipofariki, ng'ombe waliondoka kidogokidogo, mpaka zizi likabaki tupu. Miiba ya ua ikaoza. Mama akaliunganisha na shamba, akapanda mtama juu ya samadi ya miaka yote ile. Kumbukeni hilo zizi, maana ndiko nilikoharibia.

Mimi ni mtoto pekee aliyebaki. Sina kaka, kwa hiyo hakuna mke wa kaka ambaye mama angemtazama misimu mitatu. Mbegu ilikuwa ije kwangu, na mimi nilikuwa Chamwino, karani wa masjala, natafuta majalada ya watu na kuyarudisha kabatini. Shuleni nilisoma baiolojia na niliipenda. Nilijua kuchora ile miraba ya kuonyesha mtoto anarithi nini kwa baba na nini kwa mama. Nilijua hata kwamba mtama wa zamani, ule wa porini, ukikomaa humwaga punje zake chini, na kwamba huu wetu unazishikilia kwa sababu wanawake wa kale sana walibeba nyumbani masuke yaliyokubali kubebeka, wakapanda hayo, miaka na miaka. Nilimweleza mama habari hiyo siku moja. Alikuwa anang'oa mtama pori uliojipenyeza kwenye mistari, jamii ileile ya kumwaga punje, kabla haujachanua na kuharibu mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wamekufundisha vizuri," alisema. "Sasa ng'oa upande ule."

Nikang'oa, na katika kung'oa niling'oa mtama wenyewe mara mbili.

Mwaka alioumwa, kidonda cha mguu kilimkalia vibaya kwa sababu ya sukari, na macho nayo yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mtama ulikuwa umefika magotini nilipomchukua. Tulikaa naye hospitali mjini wiki kadhaa, kisha nikamleta chumbani kwangu Chamwino. Mtama ukachanua bila yeye. Hakuna kitambaa kilichofungwa shambani mwaka ule, na mimi hata sikulikumbuka hilo. Nilikuwa na mambo ya dawa na bandeji.

Mwezi wa sita niliomba likizo nikavune. Asubuhi ya kuondoka, mama alikuwa amekaa kitandani, mguu umenyooshwa juu ya stuli.

"Mbegu usisahau," alisema.

"Sisahau, mama."

"Unajua ya kuchukua?"

"Najua."

Nilikuwa nafunga begi, nina haraka ya gari.

"Unajua kweli, mwanangu?"

"Mama, najua. Nimekulia mle."

Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa. Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi kuliko sala.

Mvua mwaka ule ilikuwa imechelewa kuondoka. Kila kilichopandwa kilizaa, hata cha wavivu. Nilipofika shambani nilitembea kutoka mwanzo hadi mwisho nikitafuta mbegu, na sikuwa na haja ya kutafuta sana. Kwenye lile zizi la zamani mtama ulikuwa umesimama mrefu kunipita, mashina manene kama mpini wa jembe, masuke makubwa yaliyojaa mpaka yameinama. Kule pembeni kwenye udongo mwekundu kulikuwa na vijisuke vidogo, vimekauka zamani, vingine vimedonolewa na ndege. Nikasema moyoni, mama na macho yake haya, miaka yote hii anafunga vile na kuyaacha haya. Nilimwonea huruma. Nilikata masuke ya zizini, nikachagua makubwa kati ya makubwa, nikafunga mafungu safi kuliko yake.

Jikoni nilikuta uchaga una mafungu ya zamani, masuke aliyoyachagua mwenyewe mwaka uliotangulia na hakuyamaliza kupanda. Yalikuwa meusi kwa masizi, vitambaa vimenata. Nilihitaji nafasi. Niliyashusha, nikayapukuchua uani, na kuku wakala. Yalikuwa mengi, walikula siku mbili.

Msaada wa kuvuna nilipata kwa jirani yetu, mama mmoja mtu mzima wa ng'ambo ya korongo, rafiki ya mama tangu wote wawili wakiwa maharusi. Alikuja na ungo wake kabla sijarudi Chamwino, na wengine wakamfuata. Niliwagawia wote, na nilikuwa mkarimu kuliko mama. Yule jirani alilishika suke moja akaligeuzageuza.

"Makubwa haya," alisema.

"Nimechagua," nikamjibu.

Akaniangalia, akatazama tena suke, akashukuru. Mtama mwingine wote ulipurwa ukachanganyika. Mwingi tuliupeleka mashineni ukawa unga, nikaacha gunia moja nyumbani.

Nilirudi na picha kwenye simu. Nilimwonyesha mama nikiwa nimejaa furaha kabisa. Aliileta simu karibu na uso mpaka ikamgusa pua.

"Haya yametoka upande gani?"

"Kwenye zizi la zamani."

Aliendelea kuishika simu ingawa kioo kilikuwa kimezima.

"Na yale ya juu ya uchaga?"

"Yalikuwa yamechakaa, mama. Niliwapa kuku."

"Yote?"

"Yote."

Akaomba maji. Nilimpa, akanywa nusu, akakirudisha kikombe. Nilijua nimefanya kitu lakini sikujua ni kitu gani, na kwa kuwa nina kiburi, nilimuuliza kwa ukali kosa langu ni lipi. Alinieleza polepole, bila kunilaumu, na bora angenilaumu.

"Pale zizini hata fimbo ukiichomeka itanenepa. Ule unene ni wa samadi, si wa mbegu. Ukiipeleka mbegu mahali pengine, unene unaubakisha palepale." Akajisugua goti la mguu mbovu. "Mimi sifungi kubwa. Nafunga lililotangulia kuchanua wenzake wakiwa bado majani, tena mahali pabaya. Mvua ya huku ikikatika mapema, hilo limeshamaliza kazi yake. Yale ya zizini yanachelewa. Mwaka huu mvua imeyasubiri. Haitayasubiri kila mwaka."

Mimi niliyechora miraba ya urithi nikapata alama za juu, nilikuwa nimekaa hapo na simu yangu. Swali lenyewe liliwahi kuja kwenye mtihani: kipi kinatokana na mazingira na kipi kinatokana na mbegu. Nililijibu vizuri sana.

"Na wale niliowagawia?" nikauliza.

"Umewagawia nani?"

Nikawataja. Mama alitikisa kichwa taratibu kila nilipotaja mmoja, na mwisho akajilaza akageukia ukutani.

Mwezi wa kumi na moja alisisitiza kurudi nyumbani. Mguu ulikuwa umefunga, macho yalikuwa yamezidi. Shamba kubwa nililimisha kwa trekta la kukodi, na tukapanda ile mbegu yangu, maana hatukuwa na nyingine. Lakini mama aliteka bakuli moja kwenye lile gunia lililobaki, mtama uliochanganyika wa shamba zima, akaupanda mwenyewe karibu na jiko kwa kupapasa, mstari mmoja mmoja. Alikuwa na tumaini kwamba humo ndani kuna punje chache za jamii yake. Zikichanua mapema, atazijua.

Mvua ilianza vizuri, ikatuhadaa. Mwezi wa pili ikakatika. Mtama wa shambani ulikuwa mrefu, wa kijani, unapendeza ukiutazama kutoka barabarani, na hauna hata suke moja. Uliendelea hivyo siku kadhaa kama mtu aliyeambiwa habari mbaya na hajaamini. Kisha majani yakaanza kujikunja. Ng'ambo ya korongo ilikuwa hivyohivyo, na kwa wengine niliowagawia ilikuwa hivyohivyo.

Pale karibu na jiko mashina saba yalichanua. Mama aliniambia kwa simu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameyajua kwa vidole, kwa ule unga wa maua, akayafunga vitambaa.

"Njoo unisaidie kufukuza ndege," alisema. "Siku kumi tu. Yakikauka haya, tumepona."

Kazini kulikuwa na ukaguzi wa majalada. Nilimwambia nitakuja Jumamosi. Akasema sawa.

Ndege walikuja Alhamisi. Wale wadogo wa makundi, kwelea kwelea, ambao mwaka wa kawaida hugawana shamba hili na lile na kila mtu hupoteza kidogo. Mwaka ule eneo zima halikuwa na punje iliyojaa ila katika yale mashina saba. Jirani aliwaona wakishuka, akakimbia, lakini kuvuka korongo si jambo la dakika moja. Alimkuta mama yupo katikati ya mtama, anatupa mabonge ya udongo kuelekea sauti.

Jumamosi nilipofika, vitambaa vilikuwa bado vimefungwa kwenye masuke matupu. Mama alikuwa anakata mashina kwa ajili ya mbuzi wa jirani. Alinisalimu kama kawaida, akaniuliza habari za kazi.

Mwaka ule mtama wa akiba uliliwa ukaisha, hata gunia letu, kijiji kikala mahindi ya kununua, na msimu uliofuata watu walipanda mbegu za pakiti kutoka dukani. Si mbegu mbaya, nisizisingizie. Zinawahi, zinazaa. Lakini hakuna mwanamke aliyevuka korongo na ungo kuja kwetu. Mama alikaa mlangoni mwa jiko siku zote za mwezi ule wa kupanda, amevaa kanga safi, na kila akisikia hatua njiani aliinua kichwa. Watu walipita wakamsalimu kwa heshima, shikamoo mama, marahaba, wakaendelea na safari zao. Mimi nilienda mpaka Kibakwe kuuliza kama mama aliwahi kuwapa ndugu zake, nikaenda na vijiji vya jirani. Wengi wamehamia kwenye alizeti. Mzee mmoja alinionyesha masuke aliyoyaita ya zamani, na nilikuwa na furaha mpaka nilipogundua kwamba sijui kuyatambua. Sikuwahi kuutazama mtama wa mama. Nilitazama vitambaa tu.

Niliona haya kukutana na yule jirani. Nilipokuja kumwona mama nilipita njia ya nyuma, ya upande wa reli, kama mwizi. Nilijiambia kwamba siku moja nitavuka korongo, nitamweleza: mama hakuhusika, mimi ndiye niliyeharibu. Nilikuwa nimeyapanga hata maneno.

Mama alifariki wakati wa kiangazi, mwezi wa nane. Siku ya tatu ya msiba, wageni wakiwa wamepungua, jirani alikuja kukaa karibu nami kwenye mkeka, jikoni, chini ya uchaga mtupu. Alikuwa na sufuria ya mlenda mapajani, anaukoroga bila sababu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Kuna jambo nataka nikuulize, usinielewe vibaya."

"Uliza, mama."

"Ule mwaka mtama ulipogoma, mama yako alikuja kwangu. Na mguu ule, na macho yale, alivuka korongo kwa fimbo. Akaenda na kwa wengine, nyumba kwa nyumba, wote mliowapa. Akatuambia mbegu ile alichagua yeye. Kwamba alikuelekeza kwa simu, chukua za zizini, na wewe ulifuata maneno yake tu. Akasema akili imemchoka, tusije tena kwake kuchukua mbegu."

Sikuweza kumtazama.

"Mimi nilikaa naye miaka yote hiyo," akaendelea. "Hakuwahi kukosea mbegu, hata mwaka wa njaa. Nilimwambia mume wangu, huyu mama hawezi kusema chukua za zizini. Lakini alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, na wengine wameshamwita mzee aliyepotea. Inaniuma. Sasa nakuuliza wewe uliyekuwa naye, ni kweli alikuelekeza hivyo?"

Maneno niliyoyapanga yalikuwepo. Nje watu walikuwa wanaosha vyombo. Kuku walikuwa wanapekua uani.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alinielekeza hivyo."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Basi alikuwa amezeeka," alisema, akachukua upawa, akanipakulia.